Insha ya Chumvi

Siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, ni ile niliyoandika vizuri hata nusura nimuue mama mdogo wangu kwa kalamu. Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na mitatu na meno yangu yote, na wewe unayenyonya hapa ndiye wa kwanza. Lakini wazee waliostahili kukupa nasaha vita vimewatawanya, na wengine wamezikwa mahali tusipopajua. Kwa hiyo kigoda chao nimekikalia mimi na hasira zangu. Ukikua utasoma. Na ninyi mabinti ninaowafundisha huku porini, mnaoandika kwa makaa juu ya mbao, someni pia. Nikisema mwanangu, si huyu mmoja.

Mji wetu ulikuwa mdogo, wa pwani, na shule ya serikali ilikaa juu ya kilima kifupi, imepakwa chokaa. Asubuhi ukungu wa mikoko ulipopanda, kilima kilikuwa hakionekani, shule tu ndiyo ilionekana, nyeupe, imekaa juu ya hewa kama kitu ambacho mtu amekiota akasahau kukiondoa. Tulipanda kuiendea tukiwa hatuoni miguu yetu. Mpaka leo nikisinzia naiona hivyo, na sijui kwa nini inanijia nzuri namna ile, maana haikuwa nzuri.

Humo tulikariri mito ya Ureno, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya pamoja, na sauti ile iliteremka kilima mpaka kwenye vichanja vya samaki. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliizoea hata wakawa wanaimba mito ile wakati wa kazi, bila kujua kuwa ni mito. Bibi yangu alimbembeleza ndugu yangu mdogo kwa mto wa tatu na wa nne. Mji mzima, watu ambao hawakuruhusiwa kukanyaga baraza ya shule, walikuwa nayo mdomoni.

Madarasa ya juu yalikuwa yameongezwa juzi tu kwa ajili ya watoto wa maofisa, tukapenyezwa wenyeji wachache ili ionekane tumo. Wavulana wa misheni kutoka nyanda za juu, na sisi Waislamu wa pwani, na katika sisi wasichana wanne. Kila asubuhi mama aliniosha msiro, ule urembo mweupe wa gome la mti, usoni kwa maji ya moto, asiache hata alama nyeupe nyuma ya sikio, kwa sababu profesora, yaani mwalimu wetu, alisema darasa si mahali pa kuja na uso uliopakwa. Nyumbani nilikuwa Zaituni. Kwenye rejista nilikuwa Izabel. Nilivuka baina ya hayo majina mawili kila siku kama mtu anayevuka uchochoro.

Profesora wetu, Dona Luiza, alikuwa mke wa kapteni wa kambi ya jeshi la Wareno. Usimchore kichwani na pembe, mwanangu, ingekuwa rahisi kwangu angekuwa nazo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye jasho juu ya mdomo, na alinipenda. Kila Ijumaa alitupa redasau, yaani insha, na sheria yake ilikuwa moja: "Andikeni mnachokiona. Msiniandikie mlichosoma. Kila mtu ana macho."

Nyumbani kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo haikuandikwa popote. Katika vita hivi na Wareno chumvi ni kitu. Wapiganaji kule bara walikuwa na mihogo, walikuwa na nyama ya porini, lakini chumvi hawakuwa nayo, na mtu asiyeonja chumvi miezi mitatu miguu yake huwa mizito hata kama ana bunduki. Mama mdogo Saumu, mdogo wake mama yangu, alipika chumvi na wanawake wenzake kwenye matope ya mikoko upande wa Olumbi. Wakaja watu na vikapu vitupu, wakaondoka navyo vimejaa, bila kulipa wala kuulizwa. Tuliwaita wajomba. Mtoto aliyeuliza wajomba gani alipewa kiazi kinywani. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza kwa namna moja, kana kwamba watu walikutana mahali wakafundishana. Hawakukutana. Watu walinyamaza tu, kila mtu nyumbani kwake.

Sasa sikiliza kosa langu, na usicheke. Mimi nilidhani Kireno ni chumba kingine. Nyumbani hakuna aliyekisikia. Nililolisema kwa Kireno mama hakulijua, baba hakulijua, hata Mungu, nilifikiri kwa ujinga wangu, labda alikuwa akinisikiliza kwa Kiswahili na Kiarabu tu. Nilikatazwa kuwataja wajomba, na nilielewa kuwa nimekatazwa kuwataja kwa maneno ya nyumbani. Kuandika kwa Kireno hakukuwa kusema. Kulikuwa kama kuota, na ndoto ya mtu ni yake.

Ijumaa ile alitupa kichwa cha habari: kazi za mikono za kwetu. Nikaandika chumvi. Nikaandika jinsi wanawake wanavyokwangua ardhi ya juu kwa kombe jua likiwa limeikausha, jinsi inavyong'aa kama magamba. Nikaandika chujio la makuti, na maji yanavyodondoka tone kwa tone usiku na mchana, na moto wa kuni za mikoko, na mvuke unaowafanya wanawake wote waonekane hawana viuno. Nikaandika kwamba mama mdogo wangu Saumu ndiye anayejua kwa ulimi lini chungu kishuke. Na mwishoni, kwa kuwa nilitaka imalizike vizuri, nikaandika kwamba wageni wanakuja kutoka bara, wanaume wasiosema, wanapokea chumvi kwa mikono miwili kama wanapokea mtoto, kisha mikoko inawafunika.

Dona Luiza aliisoma mbele ya darasa. Madirisha yalikuwa wazi. Alisoma polepole, akasimama mahali pawili kumeza mate, na mtoto wa sajenti, aliyekuwa akinivuta nywele kila siku, aligeuka akanitazama kana kwamba nimeingia darasani siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kitu kile kilinijaa kifuani nikahisi benchi limeniacha.

Wakati wa mapumziko Mama Anjelina aliniita penye pipa la maji. Huyu alikuwa mfagiaji wa shule, Mmakonde wa nyanda za juu, Mkristo, mwenye nembo usoni na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Sisi wa pwani tulimwita Ndonya, na si kwa siri.

"Zaituni, njoo hapa."

"Nina kipindi."

"Kipindi kitakungoja. Huyo Saumu uliyemtaja humo ni nani wako?"

"Humo wapi? Wewe unajua nini? Ni Kireno kile."

Akauegemeza ufagio kwenye pipa. Akanisomea sentensi yangu ya mwisho, ile ya mikoko, kwa Kireno kilichonyooka kuliko changu.

"Nimelelewa misheni miaka tisa," akasema. "Wakijua nasikia, wataacha kuongea mbele yangu. Sasa umejua wewe peke yako, usinichoshe. Daftari liko wapi?"

"Kwa profesora."

"Na profesora mchana anakula wapi?"

Nikatazama ndani ya pipa.

"Nakuuliza, msomi wa pwani. Anakula na nani?"

"Na kapteni."

"Basi nenda kalichukue. Sema umekosea neno, unataka kunakili upya. Sema lolote, si hodari wa maneno wewe?"

Nilikwenda. Nilikuwa nimeelewa. Naomba uliweke hili akilini, mwanangu: nilikuwa nimeelewa. Dona Luiza alikuwa peke yake darasani, anapanga madaftari, langu likiwa la juu. Nikamwambia nataka kulinakili.

"Chukua, ni lako," akasema. "Ila nilitaka mume wangu alisikie leo mezani. Yeye husema watu wa huku wanaishi bila kutazama. Nilitaka nimwambie, hebu sikiliza huyu."

Nikalishika. Nililishika kwa vidole hivi ninavyokushikia titi. Jalada lake lilikuwa na vumbi la chaki. Na nikamwona kapteni na meza yake na kitambaa cheupe na bilauri, na katikati ya meza ile jina langu, Izabel, likitajwa kwa taratibu, na mtu mkubwa akiacha kutafuna. Kisha nikalirudisha kwake.

"Naomba umsomee, senyora."

Nilitoka nje nikamwambia Mama Anjelina, "Amekataa."

Alinitazama kama mtu anavyotazama wingu kujua litanyesha au litapita. "Amekataa," akarudia, kama anayeonja. Akavua aproni akaitundika msumarini. "Njia ya kwenda kwa hao wenu wa chumvi ni ipi, ukiacha barabara?"

Nikamweleza njia.

"Mtu akiniulizia, nimekwenda kuchota maji. Na wewe ingia darasani, ukae kama ulivyokuwa umekaa." Akaanza kwenda. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayenikumbusha kufuta ubao: "Insha ilikuwa nzuri. Ndilo tatizo lake."

Siku hizo askari hawakutembea kabla barabara haijapimwa mabomu, na hilo lilimpa Mama Anjelina muda. Mama mdogo alikuja kunisimulia yaliyobaki miaka sita baadaye, ng'ambo ya Ruvuma, kwenye kambi ya waliokimbia. Lakini ya asubuhi niliyaona mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa na mazoezi ya bendera. Tulifika kilimani tukakuta milango ya madarasa imefungwa na Mama Anjelina hayupo. Ukungu ulikuwa mzito. Tukasimama barazani, watoto wa maofisa na wa misheni na sisi, hakuna aliyecheza, tukawa kama vyombo vilivyosahauliwa nje. Kisha lori la jeshi likapita chini ya kilima. Magurudumu hayakuonekana, lilielea. Mama Anjelina alikuwa amekaa nyuma katikati ya askari, mgongo umenyooka, kama mtu aliyepewa lifti. Hakutazama juu. Mvulana mmoja wa kwetu akasema, "Ndonya leo kapanda gari," na wawili watatu wakacheka. Sikucheka, lakini sikusema kitu pia.

Jumatatu nilirudishiwa daftari. Alama kumi na nane kwa ishirini, na maneno ya kusifu kwa wino mwekundu. Kama Dona Luiza alijua alichofanya au hakujua, sijui, na nimechoka kutojua. Macho yake yalikuwa mekundu wiki ile. Yangu pia. Aliendelea kutufundisha mito. Mama Anjelina walimpeleka kusini, kwenye gereza lao, na hakurudi.

Kule kambini nilimkuta mama mdogo Saumu anapepeta mtama. Nilikuwa nimekuja kumpigia magoti na nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Hiyo insha yenyewe ilisemaje?" akauliza.

Nikamsomea kwa kichwa, nikiitafsiri, nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho ungo ukiwa umetulia magotini.

"Umesema chini ya chujio tunatia mchanga?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kakwambia? Chini ni makumbi ya nazi. Mchanga ukikaa chini maji hayashuki hata ukiyaombea dua. Ulikuja likizo tatu, ulikuwa unatazama nini?" Na wanawake waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Kisha akanieleza. Mama Anjelina alifika jua likiwa bado halijazama. Hakuketi. Alisema maneno matatu, wakavunja vyungu, wakamwaga maji ya chumvi juu ya moto, wakaingia kwenye ngalawa za jamaa kwenda kisiwa cha Rongui. Walimwambia apande. Akakataa. Alisema asipofungua milango ya shule asubuhi watauliza nani katoa habari, na wataanza na mtoto aliyeandika. Ndiyo maana alirudi. Mama mdogo, kwa kukosa cha kumpa, alimfungia chumvi kwenye pindo la kanga, ngumi moja tu. Kikosi kilichokuwa kinatoka mjini kilimkuta njiani, kikafungua pindo.

"Mimi nina ngumi yangu ya chumvi," mama mdogo akasema. "Naibeba mwenyewe, usinisaidie. Wewe ya kwako ni ipi?"

Hapo ndipo nilipomwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba daftari nililishika. Kwamba profesora hakukataa.

Mwanangu, nilidhani atanipiga. Aliupepeta ungo mara mbili, tatu.

"Kuandika ulikuwa mtoto," akasema. "Kulirudisha, ulikuwa mtoto anayependa kusifiwa, nani hapendi. Lakini lile neno 'amekataa.' Ungesema 'nimeliacha,' angekushika sikio akakurudisha ndani, mkatoka na daftari, na yule mwanamke leo angekuwa anafagia. Uliona aibu mbele ya nani? Mbele ya mtu mliyekuwa mnamwita Ndonya. Hukutaka hata yeye akuone mdogo." Akaweka ungo chini. "Ana binti, Rozina. Yuko upande ule wa Awasse, ndani ya nchi yetu. Nenda kamwambie. Na hilo la kushika pia."

Nilichelewa mwaka mzima, nikijidanganya kuwa njia ni mbaya. Njia ilikuwa mbaya, lakini si hivyo. Nilikwenda ulipokuwa na miezi minne, nimekubeba mgongoni. Rozina alikuwa anatwanga mihogo. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano hivi, ana mikono ya mama yake. Nilisimama nje ya kivuli nikaeleza yote, na mchi haukusimama hata mara moja, nikawa ninasema baina ya pigo na pigo.

Nilipomaliza akaendelea kutwanga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lilikuwa mkononi mwako."

"Lilikuwa."

"Na alifika kwa hao wa chumvi kabla jua halijazama."

"Ndivyo alivyoniambia mama mdogo."

Mchi ukasimama. "Mama alikuwa na mguu mbovu," akasema. "Wa kushoto. Uliungua utotoni, ukajikunja. Kutoka kanisani hadi nyumbani alipumzika mara tatu. Alifikaje?"

Miaka minne alifagia mbele ya macho yangu, mimi mwenye macho, mimi niliyesifiwa mbele ya darasa kwa kuona, na sikujua kuwa anachechemea.

Wewe ukaanza kulia mgongoni.

"Sikusamehe leo," Rozina akasema. "Labda siku nyingine, labda hapana. Lakini mtoto ana njaa na wewe maziwa yako yamekauka kwa kutembea. Kaa hapo. Uji upo."

Nikakaa, tukanywa.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi kwa sababu sina uvumilivu wa mafumbo. Soma, mwanangu. Wasikutishe kwa kisa changu wakasema ndiyo matokeo ya kumpeleka msichana shule. Anayesema hivyo hanijui mimi wala hakujui wewe, na mpeleke kwangu. Soma lugha zote watakazokupa. Lakini hakuna lugha iliyo chumba cha siri. Kabla hujatoa neno, uliza linakwenda kuliwa kwenye meza ya nani. Anayekusifu, hata akikupenda kweli, mtazame mikono wakati anakusifu. Na yule anayefagia mlipokaa, jua jina lake, jua anavyotembea, usingoje binti yake akwambie.

Na ukikosea, maana utakosea, sema saa ileile. Sema "ni mimi" wakati bado kuna mtu anayeweza kukushika sikio. Aibu ya saa moja inapita. Mimi ya kwangu nimelala nayo miaka minane, na nina hasira, na hasira yenyewe nyingi ni yangu mimi.

Mungu akukuze, binti yangu, akupe macho na akupe ulimi usioogopa kukiri. Wanaokutangulia njiani wafike salama, na wanaorudi kwa ajili yako wafike pia. Vita viishe ungali mdogo, usivikumbuke ila kwa haya niliyokuandikia. Na popote alipo Mama Anjelina, juu ya ardhi au chini yake, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na safari ndefu. Amina.